Nilipoacha Kuonja Tembo

Tembo la mnazi lina umri wa siku moja. Asubuhi ni tamu na jepesi, linapita kooni kama maji ya dafu. Jua likifika utosini linaanza kuuma ulimi. Alasiri limeshakasirika. Ukilitia kwenye unga wa vitumbua kabla halijakasirika, vitumbua vinalala. Ukichelewa, vinakuwa vikali, watu wanakunja nyuso. Kwa hivyo mpika vitumbua lazima ajue tembo lake limefika wapi katika maisha yake, na sisi tuliokuwa tukipika mtaa wa Ng'ambo, miaka ile ya hamsini, tulikuwa na saa moja tu ya kutazamia: ulimi.

Mimi nilikuwa na ulimi mzuri. Najisifu kwa sababu ni kweli. Vitumbua vyangu vilikuwa vinene, vina matundu ndani kama sega la nyuki, na harufu ya iliki ilinitangulia hatua kumi njiani. Hamira ya kopo ilikuwepo madukani, lakini wateja wangu walitaka ladha ya tembo, na mimi nilikuwa na kiburi cha kazi yangu.

Mgema wangu alitoka Fumba kwa baskeli, vibuyu viwili vikining'inia ubavuni. Nilionja alipokuja. Nilionja tena adhuhuri. Nilionja alasiri, kabla ya kumimina. Mwanzo ilikuwa ncha ya kijiko. Baadaye kijiko kikajaa. Baada ya hapo nikaona kijiko kinanipotezea wakati, nikachukua kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, na kata nayo ikawa mbili. Zote hizo nikiziita kuonja.

Hakuna aliyeniambia nalewa. Walevi tulikuwa tukiwajua: wanaume waliokaa vilabuni, wakirudi nyumbani wakigombana na miti. Mimi nilikuwa mtu wa kazi. Nilisukutua kinywa, nikatawadha, nikasali, kisha nikarudi chunguni kuonja. Ramadhani nilionja kwa ncha ya ulimi na kutema, na magharibi ikiingia nikajifidia. Mume wangu, hamali wa magodauni ya karafuu, mtu asiyejua hata harufu ya kileo kwa sababu pua yake ilikuwa imejaa karafuu tu, aliwaambia majirani kwamba mkewe ana ulimi wa dhahabu. Nikafurahi.

Na siwadanganyi, ilikuwa raha. Baada ya kata ya adhuhuri mapaa ya makuti yalianza kupumua. Mtu akitwanga nyumba ya tatu, nilisikia mchi ukipiga ndani ya kifua changu, taratibu, kama moyo wa mtu mwingine aliyekuja kuniazima nafasi. Kanga kwenye kamba zilikuwa zikipaa, na mimi nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, nakuna nazi, sijui kama zinazoruka ni kanga au ni mimi. Mchana ulikuwa mrefu, rangi ya maziwa. Sikumbuki nikimchukia mtu yeyote miaka ile. Sikumbuki mengi mengine pia.

Lakini mwili ulikuwa unakumbuka. Miguu ilivimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Tumbo likawa gumu. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka nikaunguzwa na chuma cha vitumbua mara mbili, na ilitulia tu nikishaonja. Pumzi ikawa fupi. Nikasema ni moshi. Nikasema ni umri, na nilikuwa sijafika hata miaka thelathini na mitano.

Sasa niwaeleze habari ya somo yangu, maana ndiye aliyenifumbua macho.

Kwetu msichana akivunja ungo hupewa somo, mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya mwili na ya nyumba, na mwanamke huyo anabaki somo yako mpaka mmoja wenu azikwe. Somo yangu alizaliwa Makunduchi, akaolewa mjini, na akakaa humo ndani ya nyumba moja ya mawe karibu na Shangani, orofa ya tatu, juu kabisa. Ngazi yake ilikuwa na vipandio thelathini na vinane, vyembamba, vya mbao, na mwanga pekee ulitoka tundu la juu, ukishuka kama unga kwenye chekecheo. Chini kulikuwa na Mhindi muuza nguo.

Magoti ya somo yalimwishia. Wakati wa habari hii alikuwa hajakanyaga ardhi miaka minne. Wateja wangu wengine wa mjini, wale wasiotoka, waliteremsha vikapu kwa kamba kutoka dirishani, mimi natia vitumbua, wanavuta. Somo alikataa. Aliniambia, "Kikapu ni cha mchicha. Wewe panda nikuone."

Na alikuwa na haja moja. Alitaka kuoga mwaka. Kule kwao siku ya mwaka ikifika wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, wanawake huimba, kibanda huchomwa moto, na watu hukoga baharini kuuosha mwaka uliokwisha. Mambo mengine yote alishayasamehe. Maji alikuwa hajayasamehe. Wajukuu zake wa kiume walitaka kumbeba, akawafukuza. Alisema hatabebwa kama gunia na wanaume mbele ya Mhindi. Kazi hiyo alinipa mimi. Siku ya arusi yangu yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka chumbani, kama ilivyo desturi, na mimi nilikuwa msichana mnene. Nikamwahidi. Mwaka wa kwanza nikasema nna homa. Mwaka wa pili nikasema mvua. Kweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuipanda ngazi ile hata peke yangu bila kusimama, na yule Mhindi, mtu wa watu, alikuwa ameanza kunitolea kigoda nikishuka.

Siku moja masika yanaanza nikapanda na sinia langu. Nilipofika juu kanga ilikuwa imenigandia kwa jasho.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa upumue kwanza. Nimekusikia tangu mlangoni. Umesimama mara tatu."

"Sinia zito."

"Mwaka juzi lilikuwa jepesi? Hebu njoo karibu." Nikasogea. Akaninusa shavuni kama mtu anayechagua papai sokoni. "Nini hii?"

"Chachu, somo. Si unajua kazi yangu."

"Chachu hutiwa kwenye unga. Hii iko kwenye pumzi yako."

"Naonja tu."

"Unaonja kiasi gani?"

Ulimi ulitaka kusema kijiko. Lakini huyu ndiye aliyenifunza kujitahirisha hedhi, ndiye aliyenikanda baada ya kila uzazi. Uongo kwake haukuwa na pa kukaa. "Kata mbili," nikasema.

"Kwa siku?"

"Kwa kila mara."

Nikangoja matusi. Alikuwa fundi wa matusi, angeweza kukutukana kwa mpangilio mzuri mpaka ukamshukuru. Hakunitukana. Aliangalia dirishani, kwenye kipande cha bahari kisichozidi upana wa kanga, ndicho alichokuwa amebakiwa nacho, akasema polepole, "Basi nani atanishusha?"

Kisha akasema, "Mwaka huu, mwari wangu. Mwingine sina wa kukupa."

Nilishuka nikishika ukuta. Mhindi akatoa kigoda. Sikukikalia.

Kesho yake mgema alipofika nikapokea kibuyu, nikakiweka chini. Akasimama na baskeli yake akingoja nionje, kama siku zote, maana alipenda kusifiwa.

"Leo huonji, Bi?"

"Sionji."

"Nani kakukasirisha?"

"Ngazi."

"Ngazi ya wapi?"

"Nenda zako."

Akaenda, akigeuka nyuma mara mbili. Mimi nikabaki na kibuyu. Hebu fikirini: mtu anayeacha kileo hukikimbia, hubadilisha njia. Mimi kileo changu kilikuwa kinaletwa mlangoni kwangu, na nilikuwa siwezi kufanya kazi bila hicho hicho. Kilikaa pale kona ya jiko siku nzima kikinong'ona.

Siku ya kwanza nikakisia kwa jua. Vitumbua vikalala bapa. Nilipopita mjini asubuhi, vikapu viliteremka vikapanda, halafu kimoja kikateremka tena bila kuitwa. Ndani mna vitumbua vyangu vyote, na sauti ya mwanamke ikatoka juu, simwoni uso:

"Visahani hivi, mama, chukua ukawapakulie wanao mchuzi."

Dirisha la ng'ambo ya pili likacheka. Nikaondoka nikijifanya nacheka pia.

Mwili nao ukaleta mashitaka yake. Siku ya pili na ya tatu nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na jua linawaka. Nilitoka jasho lenye harufu ya siki. Mchana wa siku ya nne nililala ukumbini, nikaona sisimizi wanatembea juu ya dari wamebeba vipandio vya ngazi, kipandio kimoja kimoja, wanakwenda navyo baharini, na mimi nawasihi wasimalize. Mume wangu alinikalia pembeni akinikanda miguu kwa mafuta ya nazi. Aliniambia, "Kunywa kidogo, mama watoto. Kama dawa."

"Ukinipa n'takunywa," nikamwambia. "Kwa hivyo usinipe."

Maskini, alinisikia. Akachukua kibuyu akakipeleka kwa jirani. Alasiri akakirudisha, akasema leo ataonja yeye, kazi isiharibike. Akaonja kijiko. Akafikiri. Akaonja kingine, akasema hajaelewa. Cha tano akaelewa kupita kiasi, akamimina tembo lote kwenye mtungi wa maji ya kunywa na kuufunika vizuri, akakaa chini akiniambia kwamba mimi ni mwanamke mzuri sana. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na ile ilikuwa mara ya kwanza kucheka na huku najua nacheka.

Nna mjukuu muuguzi, mwanamke hodari, hospitali nzima inamtegemea. Anasema nilichokuwa nacho ni maradhi, na kuacha ghafla vile ni hatari, mtu anaweza kufa. Namwamini, amesoma. Mimi kusoma kwangu ni chuoni, Kurani tu, na herufi hizi za kuandikia nilifunzwa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mbele yangu pana vipandio thelathini na vinane na miezi mitatu.

Mgema ndiye aliyeniokoa kazi. Wiki ya pili aliniona nimekaa mbele ya kibuyu nimekikodolea macho kama mkunga.

"Unalitazama la nini? Tembo halionekani."

"Kuonja sionji. Nifanyeje?"

"Wewe unadhani sisi huko juu ya mnazi tunaonja? Tungekwishaanguka wote." Akainama, akaliweka sikio lake kwenye tumbo la kibuyu, akafumba macho. "Lisikilize."

Nikadhani ananicheza shere. Nikainama. Asubuhi ile halikuwa na neno, kimya kama mtoto aliyelala. Adhuhuri nikainama tena, nikasikia mchanga ukimwagika mbali, punje kwa punje. Alasiri, jamani. Alasiri lilikuwa linasema. Lilikuwa kama wanawake walio chumba cha pili siku ya arusi, wengi, wananong'ona habari moja wote kwa pamoja, na wewe uko nje ya pazia. Nilikaa hapo sikio limebandikwa, nyumba nzima ikatulia, mwanga wa jua ukipita kwenye kuti na kuchora mistari mikononi mwangu, na mikono, nikaona, haitetemeki. Nikamimina. Usiku unga ukaumuka mpaka ukasukuma kawa iliyoufunika. Asubuhi madirisha yalivuta vikapu na hayakusema kitu, na kwa wale wanawake kutosema kitu ni sifa.

Toka siku ile mpaka nilipoacha biashara, sikuonja tena. Nilisikiliza. Ile raha ya mapaa kupumua niliipata humo humo, sikioni, bila kulipa miguu yangu.

Lakini kuacha ni nusu. Mgongo ulikuwa umelegea, na somo, hata alivyokuwa mfupi, hakuwa unyoya. Nikachukua mbeleko, nikafunga nazi kumi mgongoni kama mtoto, nikaanza kutembea. Kila siku baada ya alasiri, Ng'ambo mpaka darajani na kurudi, mvua inanyesha nakwenda, jua linatoka nakwenda. Baada ya siku chache nikaongeza nazi. Wanawake barazani walikuwa na kazi.

"Hongera, jirani. Umejifungua lini?"

"Mtoto mwenyewe mbona ana kichwa kigumu?"

"Baba yake nani?"

"Mgema," nikawajibu nikipita, na kelele zilizoinuka pale zilinifuata mpaka kona. Mume wangu alipohadithiwa alisema mtoto huyo angalau hatalilia nguo za Idi.

Miguu ikapungua. Nilianza kuuona mfupa wa kifundo, nikausalimu kama ndugu aliyerudi safari. Nililala usingizi mzito usio na sisimizi. Chakula kikarudisha ladha. Nakumbuka nilikula muhogo wa nazi siku moja nikalamba sahani. Na mjini nikaipanda ngazi: nikasimama mara mbili, siku nyingine mara moja, siku nyingine nikajikuta juu bila kujua nimefikaje. Somo hakunipongeza. Alikuwa amekaa pale pale dirishani.

"Leo umekuja kama paka. Umenitisha."

"Somo, una uzito wa nazi ngapi?"

"Muulize marehemu mume wangu. Alikuwa akinihesabu."

Siku ya mwaka nilitoka nyumbani alfajiri, nyota hazijaisha. Nilimkuta ameshaamka, amefukizwa udi, amevaa kanga mpya kana kwamba yeye ndiye bibi arusi. Mkwewe, mke wa mwanawe, alinisaidia kumfunga: mbeleko moja chini ya mapaja, moja juu, fundo kifuani kwangu. Mikono yake miwili ikanizunguka shingo, mikavu, ya moto.

"Nikianguka?" nikamuuliza.

"Tutaanguka wote. Usiongee, shuka."

Nikashuka kinyumenyume nikishika kamba ya ukutani, mguu ukitafuta kipandio gizani, ukikipata, ukitafuta kingine. Sikuhesabu. Nilisikia pumzi yake sikioni na nikaifuata, kama nilivyozoea kufuata kitu kwa sikio. Ghafla mguu ukatafuta kipandio na ukapata sakafu. Duka la Mhindi lilikuwa bado limefungwa. Mlango ukafunguliwa, upepo wa bahari ukaingia ukatupiga usoni, na yule mwanamke mgongoni kwangu, fundi wa matusi, akasema "Ee," mara moja, taratibu.

Ufukweni wanawake walikuwa wengi, vivuli vya rangi ya majivu, wamejitanda, wanaingia majini kimya kimya. Bahari haikuwa na wimbi. Hapakuwa na mstari kati ya maji na mbingu, na tulipoingia nilihisi tunatembea ndani ya kitu kimoja kisicho na mwanzo. Maji yakafika magotini, kiunoni. Uzito wake ukapungua, ukapungua, mpaka akawa haniegemei tena. Alikuwa anaelea, amefungwa kwangu kwa nguo tu. Nikafungua fundo. Nikamshika mkono. Akasimama kwa miguu yake mwenyewe, maji yamemshika kila upande, magoti yamesahau maradhi. Akazamisha kichwa mara tatu. Kila alipoinuka aliangalia nyuma kama mtu aliyeitwa. Sikumwuliza aliona nini. Mbingu ikaanza kupata rangi ya samli iliyoganda, na mimi nikazama pia, macho wazi, kichwa changu safi, nikisikia kila kitu.

"Baridi," akasema mwisho. "Nipeleke nyumbani kabla sijaumwa, wakasema nimeuawa na vitumbua."

Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Nguo zake zimelowa, zangu zimelowa, vipandio vinateleza. Orofa ya kwanza nilikwenda bila wasiwasi. Kona ya pili mapaja yakaanza kuwaka moto, nikasimama, nikaweka paji la uso ukutani. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebeba mzigo, hiyo tu. Niliijua tofauti yake.

"Umechoka?"

"Nimechoka, somo."

"Pumua. Mimi sina haraka. Nausikia moyo wako, unakwenda vizuri."

Tukakaa hivyo, mmoja juu ya mwingine, kwenye mwanga ule wa unga unaoshuka kutoka juu. Maji ya bahari yalikuwa yanadondoka kutoka pindo za kanga zake, kipandio mpaka kipandio, mpaka chini. Mpangaji wa orofa ya pili akafungua mlango, usingizi machoni, akauliza nani kamwaga maji ngazini asubuhi yote hii.

"Mwaka," somo akamjibu. "Pita kando, tunapanda."